Nani Atakesha na Moto?

Jiko langu la kuchomea nyama halitaki kuni wala mkaa, wala halitaki mtu wa kulipepea. Linataka soketi. Nikishalichomeka kwenye umeme, nikamimina peleti kwenye sanduku lake la pembeni na kubonyeza namba ya joto ninayoitaka, kazi niliyofundishwa utotoni kwamba ndiyo uchomaji wenyewe inakuwa imekwisha. Baada ya robo saa hivi nyama inaweza kuingia. Hakuna aliyepuliza, hakuna aliyetokwa machozi, na hakuna aliyeuliza kama makaa yameshika au bado.

Naishi Texas, jimbo ambalo watu wake hubishana juu ya moto wa nyama kwa ukali ambao sisi Watanzania tumeutengea Simba na Yanga. Nyumba yangu ni ya kupanga, ghorofani. Kanuni ya moto inayofuatwa katika miji mingi ya Marekani inakataza kuwasha jiko la mkaa au la moto wa wazi kwenye baraza ya mbao ya jengo la namna hiyo, au ndani ya futi 10, yaani mita 3 hivi, kutoka ukuta unaoweza kushika moto. Kwa hiyo udogo wa jiko langu umeamuliwa na sheria na mgongo wangu. Sharti nilishushe ngazi, nilipakie garini, nilipeleke kwenye bustani ya umma au uani kwa rafiki mwenye nyumba yake. Majiko ya aina hii huwa na uzito wa kilo 25 hadi 30 yakiwa matupu, na anayeyaita ya kubebeka kwa moyo mkunjufu ni yule anayeyauza. Wavu wake unapokea kuku wawili waliopasuliwa mgongo, au mkono mmoja wa mbuzi na vitunguu vichache pembeni. Basi.

Tangu lije, limeniachia swali ambalo sikulitarajia kutoka kwa chombo cha jikoni. Mtu akiondolewa kazi ya kuulinda moto, anabaki na nini cha kujivunia anapoweka sinia mbele ya wageni?

Kwanza nieleze linavyofanya kazi, maana jibu limejificha humo. Peleti ni unga wa mbao uliokaushwa na kushindiliwa kwa nguvu hadi ukawa vijiti vifupi vyenye unene wa milimita 6 hivi. Hazina gundi. Joto la mashine ya kushindilia hulainisha lignini, ile dutu iliyokuwa ikishikamanisha nyuzi za mti ungali umesimama, nayo ikipoa hushika upya. Chini ya sanduku la peleti kuna parafujo ndefu inayozungushwa na mota ndogo. Inazisukuma peleti, chache kwa chache, hadi kwenye kikombe cha chuma, na humo kijiti cha umeme kinachopata joto mpaka kuwa chekundu huziwasha. Feni inapuliza. Juu ya kikombe kuna bamba la chuma linalotawanya joto ili ulimi wa moto usiguse nyama, na juu ya bamba kuna wavu. Kihisi kilichopo ndani hupeleka habari kwa kompyuta ndogo. Joto likishuka, parafujo inaongeza peleti, na likipanda inapunguza.

Ukilitazama kwa makini utaona kwamba aliyelibuni alimchambua mchomaji kiungo kwa kiungo. Mkono unaotia kuni umekuwa parafujo. Kifua kinachopuliza na mkono unaopepea vimekuwa feni. Kiganja kinachosogezwa juu ya wavu kupima ukali wa makaa kimekuwa kihisi. Subira ya kukaa hapo saa sita bila kuondoka imekuwa programu. Kilichobaki bila mbadala ni ulimi, jicho na urafiki wa huyo mchomaji na watu watakaokula, na sehemu hizo tatu ndizo zilizonirudia mimi.

Mashine hii ilitoka kwa watu wa kupasha nyumba joto. Nchi za Kiarabu zilipositisha kuiuzia Marekani mafuta mwaka 1973, bei zikaruka, na wakazi wa kaskazini-magharibi ya nchi hiyo wakaanza kuyatazama upya marundo ya unga wa mbao yaliyokuwa yakirundikana kwenye viwanda vya kupasua magogo. Mapema miaka ya 1980, Jerry Whitfield, mhandisi wa ndege aliyekuwa Boeing, alitengeneza jiko la peleti la kupashia nyumba joto. Mwaka 1985 Joe Traeger wa mji mdogo wa Mount Angel, Oregon, ambaye familia yake ilikuwa katika biashara ya vifaa hivyo hivyo vya kupashia joto, akaunda la kuchomea nyama, na mwaka uliofuata akapata hataza. Hataza hiyo ilipokwisha muda mwaka 2006, makampuni mengine yaliingia sokoni kwa vishindo, na majiko yakaanza kutoka ya kila ukubwa, yakiwemo haya madogo ambayo mengine huweza kuendeshwa hata na betri ya gari.

Miaka hiyo hiyo ya 1980, Nairobi ilikuwa ikishughulika na wasiwasi wa aina hiyo hiyo kwa njia yake. Kuni zilikuwa zikipungua na mkaa ukipanda bei. Mafundi wa jua kali wakaanza kuunda jiko la bati lenye kiuno chembamba na kikombe cha udongo uliochomwa ndani yake, wazo lililoazimwa kutoka Thailand na kurekebishwa kwa sufuria za Kenya. Udongo ule ulizuia joto lisitorokee pembeni, na jiko likaokoa kati ya theluthi na nusu ya mkaa. Leo jiko hilo limeenea mno Afrika Mashariki kiasi kwamba wengi hawajui kuwa lilibuniwa na watu, wanadhani lilikuwepo siku zote. Oregon iliongeza mota, Nairobi ikaongeza udongo. Zote mbili zilipunguza kuni. Lakini Nairobi ilimwacha mpishi pale pale alipokuwa, amechutama, upepeo mkononi.

Wachomaji wa Texas wa shule ya zamani wanalicheka jiko la peleti, na ni vizuri kuwasikiliza kabla ya kuwajibu. Katikati ya jimbo lao, moto huwashwa kwa magogo ya mwaloni kwenye chumba cha pembeni, na kinachopita juu ya nyama ni joto na moshi tu. Kidari cha ng'ombe hukaa humo saa kumi, wakati mwingine zaidi, na mtu huwa karibu kutwa akiongeza gogo, akifungua na kuziba hewa, akisoma rangi ya moshi. Moshi mweupe mzito unaleta uchungu. Unaotakiwa ni ule mwembamba wenye ubuluu, ambao karibu hauonekani. Katika mji wa Lexington, kwenye mkahawa wa Snow's unaofunguliwa Jumamosi tu, Tootsie Tomanetz, mwanamke aliyezaliwa mwaka 1935, kwa miaka mingi amekuwa akifika usiku wa manane na kubeba makaa kwa koleo kuyapeleka chini ya nyama. Siku za wiki alikuwa mtumishi wa usafi katika shule za eneo lake. Jarida la Texas Monthly liliuweka mkahawa huo wa kwanza jimboni mwaka 2008, na tena mwaka 2017. Mtu aliyemwona mama huyo akiinama juu ya moshi, kisha akaniona mimi nikibonyeza kitufe, ana haki ya kutabasamu.

Wana hoja ya ladha pia. Lignini ya kuni ikivunjwa na joto hutoa guaiakoli na siringoli, na hizo ndizo zinazotupa sehemu kubwa ya ladha na harufu ya moshi. Gogo linaungua kwa kusuasua, na kusuasua huko ndiko kunakozaa moshi mwingi. Peleti kavu, iliyopulizwa na feni, inaungua karibu yote. Ukiliweka jiko kati ya nyuzi 80 na 110 za Sentigredi utapata moshi wa wastani. Ukipandisha kupita 150, moshi unakuwa wa heshima tu. Kwa hiyo ubora wa mashine na udhaifu wake ni kitu kimoja: inachoma vizuri mno.

Mashindano nayo yametoa hukumu yake. Chama cha Kansas City Barbeque Society, kinachosimamia mashindano mengi ya uchomaji, kinaruhusu peleti pamoja na kuni na mkaa. Kinaruhusu parafujo na feni za umeme. Kinachokataza ni gesi au umeme kuwa chanzo chenyewe cha joto la kupikia. Umeme umekubaliwa kuwa kibarua, haukukubaliwa kuwa moto.

Hadi hapo naweza kukubaliana nao kwa mengi. Ninapoachana nao ni pale wanapogeuza kukesha kuwa maadili, kana kwamba nyama ambayo hakuna aliyeikosea usingizi ni nyama ya uongo. Maana nikiuliza katika historia ya uchomaji wa kusini mwa Marekani ni nani hasa aliyekuwa akikesha, jibu linanitoa hamu ya kuimba sifa za kukesha.

Walikesha watumwa. Kwenye mashamba makubwa ya kusini, kabla ya karamu ya bwana au mkutano wa kisiasa, mtaro ulichimbwa ardhini, magogo yakachomwa hadi kuwa makaa, na wanyama wazima wakalazwa juu ya miti usiku kucha. Wesley Jones, mzee aliyezaliwa utumwani South Carolina, alihojiwa miaka ya 1930 na waandishi waliotumwa na serikali kukusanya kumbukumbu za waliopitia utumwa. Aliwaeleza jinsi alivyokuwa halali usiku wa kuamkia karamu, akipika na kuipaka nyama mchuzi wa siki, siagi, pilipili manga, pilipili nyekundu, kitunguu, kitunguu saumu na giligilani. Mchuzi ule ungeeleweka bila mkalimani Tanga au Lamu. Aliyejua nyama inataka nini saa tisa usiku alikuwa yeye. Aliyesifiwa kesho yake mchana kwa karamu nzuri alikuwa mwingine. Adrian Miller, katika kitabu chake Black Smoke cha mwaka 2021, ameonyesha jinsi mchango wa Waamerika weusi katika uchomaji ulivyofutwa polepole kwenye magazeti na runinga, mpaka mchomaji wa kufikirika akawa mzungu mwenye kofia pana.

Texas yenyewe ina upande wa pili wa habari hiyo. Tangazo la uhuru lilisomwa Galveston tarehe 19 Juni 1865, na mwaka uliofuata waliokuwa watumwa wakaanza kuiadhimisha siku hiyo. Nyama ya moshi ikawa katikati ya sherehe, na tangu mwaka 2021 siku hiyo ni sikukuu ya taifa. Mtaro ulikuwa ule ule, makaa yale yale, usiku ule ule wa kukesha. Kilichobadilika ni kwamba anayekesha alikuwa amechagua mwenyewe, na atakula na watu wake. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti yoyote kati ya gogo na peleti.

Na sisi pia tuna wakeshaji wetu. Nyuma ya kila sahani ya mishkaki ya barabarani kuna kijana aliyesimama mbele ya jiko la bati toka magharibi, upepeo mkono mmoja na mkono mwingine ukigeuza vijiti, macho mekundu. Nyuma ya kila pilau ya harusi kuna akina mama waliokaa na moshi wa kuni toka alfajiri. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa hewa chafu ya majumbani, inayotokana hasa na kupikia kwa kuni, mkaa na mafuta ya taa, ilihusika na vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka mmoja wa 2020. Tanzania imejiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya wananchi wawe wanapikia nishati safi. Nchi inapofikia kuweka lengo kama hilo, kumsifia mtu kwa kuvuta moshi ni ukatili uliovaa nguo za utamaduni.

Peleti zenyewe zimekwisha kufika kwetu Afrika Mashariki, na huko hazikufika kama anasa ya mwisho wa wiki. Huko Rubavu, Rwanda, kampuni ya Inyenyeri ilijaribu kwa miaka kadhaa kuzipatia familia majiko madogo ya peleti yenye feni, ikitegemea kurudisha gharama kwa kuuza peleti zenyewe. Watafiti waliopima majiko ya namna hiyo yakitumika ndani ya nyumba za Rwanda waliona uchafuzi wake ukikaribia kuwa mdogo kama wa jiko la gesi. Biashara hiyo haikudumu, lakini teknolojia ilikuwa imejibu swali lake. Fikiria basi kijiti cha milimita 6. Texas kinalaumiwa kwa kutoa moshi kidogo. Rubavu kilitafutwa kwa sababu hiyo hiyo. Anayelilia moshi ni yule ambaye moshi wake ni wa Jumamosi tu.

Sasa nirudi kwenye wavu wangu mdogo, kwa sababu kuna mambo ambayo historia haiyatatui.

Mishkaki haipatani na jiko hili, na sababu yake inafaa kujulikana. Mkaa uliokwisha kushika vizuri hautoi moshi mwingi. Ile harufu inayomvuta mpita njia Forodhani au Kariakoo hutoka kwa mafuta na viungo vinavyodondokea makaa, vikaungua papo hapo na kurudi juu kuikumbatia nyama. Katika jiko la peleti mafuta hudondokea bamba na kutiririka hadi kwenye kikopo cha nje. Usafi mtupu. Nyama iliyolala usiku kucha katika papai bichi, tangawizi, kitunguu saumu na ndimu imekwisha kulainika. Inataka moto mkali wa dakika chache, iungue kingo na kubaki na maji ndani. Ukiiweka kwenye joto la nyuzi 107 inakauka kwa adabu. Hata ukipandisha jiko hadi mwisho wa uwezo wake, inaiva, inapendeza, ila haiwi mishkaki ya barabarani. Siku ya mishkaki naazima jiko la mkaa la yule rafiki mwenye uwanja.

Mkono wa mbuzi ni habari nyingine kabisa. Buchani kwa Waislamu wa hapa naomba usikatwekatwe, kwa sababu mazoea ya bucha ni kuupiga shoka uwe wa mchuzi. Naupaka chumvi jana yake. Asubuhi naongeza bizari nzima iliyosagwa, pilipili manga na kitunguu saumu, naulaza kwenye joto la chini na kuuacha. Sehemu hiyo ya mnyama imefanya kazi maisha yake yote, imejaa kano, na kano hazilainiki kwa hasira. Zinaanza kuyeyuka na kuwa utelezi wa jelatini nyama inapopita nyuzi 70 hivi ndani, na zinataka saa nzima nzima za kukaa katika joto hilo.

Kabla ya kufika hapo, nyama kubwa hugoma. Joto lake la ndani hupanda vizuri hadi nyuzi 65 au 70, kisha husimama, na laweza kusimama saa mbili au tatu. Sababu ni maji: yanatoka juu ya nyama, yanageuka mvuke, na mvuke unaondoka na joto lile lile linaloingia. Mgeni wa kazi hii huona jiko limeharibika. Hapa ndipo kompyuta inapokosa la kusema. Inajua joto la hewa na joto la nyama, lakini haijui kama wageni watafika saa nane au saa kumi, haijui kama ganda la juu limefikia rangi niitakayo, haijui kama leo ni siku ya kungoja au ya kuifunga nyama na kuiharakisha. Uamuzi huo ni wangu. Mimi huifunga kwa jani la mgomba, linalouzwa limegandishwa katika maduka ya Waasia, na jani huachia harufu ambayo karatasi ya bati haina.

Kumbe mashine imechukua kazi ya dakika kwa dakika na kuniachia ya saa kwa saa. Yule aliyekuwa anaupepea moto alikuwa na kisingizio kizuri: nyama ikiharibika, upepo umevuma, mkaa ulikuwa mbichi, jiko limetoboka. Mimi sina. Moto umekaa pale nilipouambia ukae. Chumvi ikizidi ni yangu, nyama ikikatwa kinyume na nyuzi zake au kuambaa nazo ni kisu changu, na nikiitoa mapema kwa sababu ya njaa, njaa ni yangu. Moto uliotulia unamwanika mpishi.

Nisijidanganye pia kwamba nimepata uhuru kamili. Jiko la mkaa linakubali chochote kinachoungua, hata vifuu vya nazi. Hili langu linakula chakula cha kiwandani tu, karibu nusu kilo kwa saa likiwa chini na zaidi ya kilo likiwa juu. Mfuko wa kilo 9 ukinyeshewa, peleti zinavimba na kurudi kuwa unga, na unga huo ukiingia kwenye parafujo hukwama humo kama zege. Umeme ukikatika, moto unakufa, ingawa hitaji lake si kubwa: wati 200 hadi 300 kwa dakika chache za kuwasha, kisha kama 50 hivi za kuendeshea mota na feni. Wahenga walisema moto huzaa jivu, nao walikuwa na jambo jingine moyoni. Mimi nauchukua usemi huo kama ulivyo, maana kikombe kisipofagiliwa, hewa inaziba na jiko linagoma kuwaka. Kila utumwa unaoondolewa begani hubadilishwa na mwingine mwepesi zaidi, na wepesi huo unalipiwa.

Kuna jambo moja ambalo sijaweza kulirudisha. Jiko la mkaa lina mtu, na palipo na mtu watu hukusanyika. Wanaume wasiojua hata kukaanga yai watasimama pale, wakitoa ushauri, wakionja vipande vya pembeni vilivyoiva kabla ya wakati wake, na mambo mengi ya familia yamesuluhishwa katika kizingo hicho. Jiko la peleti limefunikwa. Halitaki kufunguliwa, kwa kuwa kila kufungua ni kupoteza joto. Mengine hupeleka taarifa za joto kwenye simu, na nimeona mwenyeji akiwa amekaa na wageni wake, uso chini, akisoma nyuzi za nyama iliyo hatua kumi kutoka alipo. Huyo ameondolewa moto na hakupewa wageni, amepewa kioo.

Udogo wa jiko umenisaidia hapo. Haliwezi kulisha watu hamsini, kwa hiyo huwa naita wachache, watano au sita, wanaojua kwamba wakifika mapema kuna saa tatu za kukaa tu. Mmoja anakata kachumbari, mwingine anakoroga ukwaju na pilipili, watoto wanatumwa barafu. Mazungumzo yale yaliyokuwa yakizunguka makaa yamehamia kwenye meza ya kukatia vitunguu, na wanawake, ambao kwa desturi hawakukaribishwa kwenye kile kizingo cha wanaume, sasa wako katikati yake. Sikulipanga hilo; limekuja kwa sababu hakuna tena mahali pa mtu mmoja kusimama na koleo na kuitwa mwenyewe.

Jibu la lile swali, basi, ni kwamba mtu aliyeondolewa kazi ya kulinda moto anabaki na kazi zote alizokuwa akizikimbia kwa kisingizio cha moto: kuchagua nyama vizuri, kuipa muda wake, kuikata kwa heshima, na kukaa na watu. Akizifanya, sinia lake halina haja ya kuona haya mbele ya sinia la aliyekesha. Asipozifanya, amenunua oveni ghali ya kubeba garini.

Kwa hiyo, msomaji, ukiwa na uwezo na nafasi yako ni ndogo, linunue jiko la namna hii bila kuomba radhi kwa mtu, uzitunze peleti pakavu, na simu uiache ndani. Ila siku utakapokuwa na harusi au hitima ya watu mia, mwite mchomaji mwenye upepeo wake. Mlipe kabla hajaanza, mpe kiti na maji ya kunywa, litaje jina lake mbele ya wageni, na kipande cha kwanza kiende kwake.